Mshahara wa Baharia Usingojee Foleni ya Wadai

Tarehe 31 Agosti 2016 kampuni ya Hanjin Shipping ya Korea Kusini, ya saba duniani kwa usafirishaji wa makontena, iliomba ulinzi wa mahakama mjini Seoul baada ya kulemewa na madeni. Kwa siku kadhaa meli zake zilielea nje ya bandari za Asia, Ulaya na Marekani, zikiwa na shehena iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 14. Bahari ilikuwa shwari. Kilichowatisha manahodha kilikuwa ofisa wa mahakama anayengoja gatini na hati ya kukamata meli. Hanjin Rome ilikuwa imekwisha kukamatwa Singapore.

Hapo ziligongana mantiki mbili za sheria. Mahakama ya ufilisi huwakusanya wadai wote mahali pamoja, huwazuia wasinyang'anyane mali ya mdaiwa, kisha hugawa kilichopo kwa utaratibu. Mahakama ya bahari hushitaki chombo chenyewe: meli hukamatwa ilipo, hunadiwa, na anayeinunua huipata bila madeni ya zamani. Mwanafunzi anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni kiinimacho cha mawakili. Lakini meli iliyopo Mombasa leo, wiki ijayo iko Durban. Mwenyewe yuko nchi nyingine, nayo imesajiliwa nchi ya tatu. Mdai akiiacha ing'oe nanga, huenda asiione tena.

Mahakama ya Seoul ilipozuia madai yote, amri yake haikuvuka bahari kwa nguvu zake yenyewe. Ilibidi mawakili wa Hanjin waombe itambuliwe nchi moja baada ya nyingine. Marekani walikwenda kwa jaji wa ufilisi wa New Jersey. Utambuzi wa namna hii una mizizi katika sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1997, ambayo Kenya iliiingiza katika Sheria ya Ufilisi ya 2015. Jaji wa Mombasa naye anaweza kuletewa amri ya mfilisi wa kigeni wakati meli imekwisha kukamatwa bandarini.

Sina ugomvi na zuio hilo linapomkabili muuza mafuta, mwendesha gati au benki. Hao walikopesha kwa hesabu, na kila mmoja akiruhusiwa kukamata chake, mwenye kontena moja la bidhaa ndani ya meli huumia kwa deni lisilomhusu. Ugomvi wangu unaanzia kwa baharia. Sheria ya bahari huweka mshahara wake mbele hata ya benki yenye rehani juu ya meli, na kwa sababu nzuri: yeye alikopesha miezi ya maisha yake, wala hawezi kushuka chomboni akatafute kibarua kwingine wakati mahakama inatafakari.

Huko Hawaii, baharia mmoja alijeruhiwa mwaka 2012 boti aliyofanyia kazi ilipolipuka. Alishitaki, mwajiri akakimbilia mahakama ya ufilisi, na boti ikauzwa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba zuio la ufilisi haligusi haki ya baharia juu ya chombo kwa ajili ya matibabu na matunzo yake, na kwamba mahakama ya ufilisi haikuwa na mamlaka ya kuifuta. Uamuzi ni sahihi kabisa. Miaka sita ilikuwa imepita tangu mlipuko.

Tangu 18 Januari 2017, Mkataba wa Kazi za Baharini unawataka wenye meli wawe na dhamana ya kuwalipa mabaharia waliotelekezwa mishahara isiyozidi miezi minne. Ni hatua njema, ila ufilisi hauna mwendo huo. Hanjin, ambayo anguko lake lilihesabiwa kuwa la haraka, ilitangazwa rasmi kufilisika tarehe 17 Februari 2017, karibu miezi sita baada ya ombi la kwanza.

Kwa wanaoandaa sheria zetu, naomba kifungu kifupi tu: kutambuliwa kwa mfilisi wa kigeni kusimzuie baharia kukamata meli kwa ajili ya mshahara wake, na meli ikinadiwa, mabaharia walipwe kwanza, ndipo fedha zinazobaki zipelekwe kwa mfilisi.