Simu Isiyopiga Hodi



Wako baina yetu wasiotaka kabisa kusema na simu zile zijibuzo kwa sauti. Vijana huwacheka na kuwaita washamba. Sisi twaona hawastahiki kuchekwa, kwani wanayoyaogopa yamekwisha kutokea.

Mashine hizi, kama Siri ya Apple na Alexa ya Amazon, hutega sikio zikingoja kuitwa. Ziitwapo hunasa maneno, na mara nyingi huyapeleka kwenye mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo. Pengine husikia vibaya, zikadhani zimeitwa, zikanasa mazungumzo ya watu wasio na khabari. Mwaka 2019 ilifichuka kuwa Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu wa kusikiliza baadhi ya sauti hizo ili mashine zisahihishwe. Apple iliomba radhi mwaka ule ule, na mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi, ingawa haikukiri kosa. Amazon nayo mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 25, baada ya Serikali ya Marekani kuishitaki kwamba iliweka sauti za watoto kwa miaka na haikutimiza maombi ya wazazi waliotaka zifutwe.

Je, mkulima ana siri gani? Anazo nyingi. Akiuliza juu ya karafuu zake atataja shamba liko wapi, pishi ngapi zimechumwa, kilo ngapi ziko juani, nani anamdai, na ndugu gani hawajagawana urithi. Hayo husemwa ndani, mlango umerudishwa. Na sauti ya mtu ni kama sura yake: humtambulisha hata asipotaja jina.

Hatusemi mashine hizi hazina faida. Mzee aliyepungukiwa na macho, au mtu asiyejua kusoma, aweza kuuliza na akajibiwa. Lakini na ziingie kwa adabu. Sote tuliokaa chuoni twajua kuwa nyumba ya mtu haiingiwi bila ya idhini, na kwamba kupelelezana kumekatazwa. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi.

Kwa hivyo, yeyote atakayekiletea chama chetu huduma ya namna hii, kwanza ajibu mbele ya mkutano: sauti zetu zitawekwa wapi na kwa muda gani? Nani atazisikiliza? Mwanachama akitaka zifutwe amwendee nani? Maswali haya si ujeuri; Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Na asiyetaka kusema na mashine aendelee kuhudumiwa na karani, uso kwa uso, bila ya kucheleweshwa.

Kwa sasa, kila mwenye simu atazame ni programu zipi alizozipa ruhusa ya kutumia kipaza sauti, na isiyohitaji ainyime. Maneno ya urithi na madeni yasemwe simu ikiwa chumba kingine.

Mwenye rai nyingine na atuletee barua, tutaichapa.