Jasho la Mama Pwani



Mwezi huu tuongee juu ya kazi inayofanywa na wanawake wengi hapa Pemba, lakini watu hawaiiti ajira: kilimo cha mwani. Kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, kisha kikaingia kwetu. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na wakulima walio wengi ni akina mama.

Bamvua likifika, mama hushuka pwani na kamba, mambo na taitai. Hufunga mbegu akiwa ameinama, maji magotini, jua mgongoni. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hubeba magunia yanayochuruzika maji, kisha huanika. Hapo bado hajalipwa. Hulipwa kwa kilo ya mwani mkavu, na kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa moja tu iliyokauka.

Nilimwuliza jirani mmoja wa Micheweni anapata kiasi gani kwa siku. Akacheka. "Dada yangu, mie sina mshahara wa siku. Mie nna mzani."

Tukakaa mkekani, tukahesabu kwenye daftari: siku za kufunga, za kuvuna, za kuanika na kuanua mvua ikija. Tulipogawa fedha kwa siku hizo, akanyamaza. Kisha akasema, "Na mwanangu je?" Binti yake wa darasa la sita alikuwa akikosa shule kila bamvua ili amsaidie. Jasho lake hatukuwa tumelihesabu.

Bei ya mwani hupangwa mbali na sisi. Husafirishwa nje, hutolewa ute unaotiwa katika aiskrimu na dawa ya meno ili viwe vizito. Aina ya kotonii hulipwa zaidi kuliko spinosamu, lakini haivumilii bahari ikipata joto, na sehemu nyingi imekufa. Waliobaki na spinosamu hufanya kazi ile ile kwa fedha kidogo.

Basi mama afanye nini? Kwanza, aandike siku, kilo na bei. Pili, kabla hajapokea kamba za mnunuzi, aulize kama atalazimika kumwuzia yeye tu, na kwa bei gani. Tatu, wauze kwa kikundi, wote wakiuona mzani. Wengine hutengeneza sabuni ya mwani, nayo huongeza pato. Avae viatu vya mpira, wala asibebe gunia peke yake. Na baba aonyeshwe daftari, ajue fedha hiyo imetoka wapi kabla haijapangiwa matumizi.

Nasi wenye wasichana wa kazi nyumbani, tujiulize. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaonya kwamba ujira wa wavunaji uliozuiwa humlilia Bwana. Je, tunamlipa binti yule kwa wakati, au naye hana mshahara wa siku?

Jirani yangu amepunguza kamba. Bamvua lililopita alishuka pwani bila binti yake. Mapato yamepungua, hakunificha, lakini mtoto alikuwa darasani.

Mungu awabariki. Tukutane mwezi ujao.