Msiwaandalie Sokwe Karamu Mlangoni kwa Mama Yangu

Katika mijadala yetu ya mazingira kuna pendekezo moja ambalo huzaliwa upya kila mwaka, na kila likizaliwa hupigiwa makofi. Linasema hivi: wanyama wa msitu wa Cyamudongo na wa Nyungwe wanatoka kwenda kula mashamba ya watu kwa sababu wana njaa, basi tuwapandie chakula chao ukingoni mwa msitu. Tupande mitufaha, mipera na miparachichi, tuongeze na vishamba vya mahindi na viazi vitamu visivyovunwa na mtu, mnyama ashibe huko huko na mkulima alale usingizi. Ni pendekezo lenye huruma. Linapendeza hata kwenye picha: mwanafunzi ameshika mche, nyuma yake kilima cha kijani. Mimi nalipinga, na nalipinga kama mzaliwa wa Rusizi ambaye mama yake analima mahali unapoweza kusikia sokwe wakiitana alfajiri.

Tuulize kwanza wazo hili limetoka wapi. Huko Marekani mwenye ardhi hulima kishamba katikati ya miti, akapanda klova na shayiri, na pembeni mitufaha, ili kulungu waje. Huifanya kazi hiyo vizuri. Hupima udongo, hutia chokaa, na kulungu hunenepa kweli. Lakini wanaotuletea wazo hilo husahau kutuambia kwamba mara nyingi karibu na kishamba kuna kilingo, na msimu ukifika juu ya kilingo huketi mtu mwenye bunduki. Chakula kile kwa kiasi kikubwa ni chambo. Sisemi kwamba mtu huyo anakosea: ardhi ni yake, ana leseni, na jirani yake yuko mbali. Mnyama akizidi kuzoea kishamba, mwenye kishamba anapata alichokitaka. Sisi je? Sokwe hatumwindi wala hatutaki awindwe. Na jirani hayuko mbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wanyarwanda zaidi ya milioni 13, wastani wa watu 503 kwa kila kilomita ya mraba. Huku kwetu unapoishia mti wa mwisho wa msitu ndipo unapoanzia mstari wa kwanza wa maharage. Hicho kishamba cha wanyama kitakaa wapi kisiwe kinapakana na shamba la mtu?

Anayetaka ushahidi wa karibu afuate maji ya mto Rusizi mpaka Ziwa Tanganyika, kisha ashuke na pwani ya mashariki mpaka Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960, na kwa muda mrefu sokwe walimkimbia. Baadaye dume mmoja, ambaye alimpa jina la David Greybeard, aliingia kambini akachukua ndizi. Kutokana na ndizi hizo ukazaliwa mpango mzima: sokwe wakawekewa ndizi, kikajengwa kituo cha kuwalishia, na watafiti wakaona kwa karibu mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Hiyo ndiyo faida, na ilikuwa kubwa. Sasa hasara. Sokwe ambao kwa kawaida hutawanyika msituni wawili watatu walianza kukusanyika mahali pamoja, wakagombea chakula, wakapigana kuliko ilivyokuwa kabla. Nyani nao wakaja kwa ndizi zile zile na ugomvi ukaongezeka. Sokwe walizoea kambi hata wakaingia mahema. Goodall mwenyewe aliandika kwamba ndizi ziliongeza ukali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ulishaji ulikuwa umepunguzwa sana. Wataalamu wanabishana hadi leo ni kwa kiasi gani ndizi zilibadilisha maisha ya sokwe wale, na sina haja ya kuingilia ubishi huo. Linalonitosha ni kwamba waliojaribu, tena wakiwa ndio waliowajua sokwe kuliko watu wote duniani, waliona lazima warudi nyuma.

Kuna na la maradhi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata sokwe wa Gombe wakati ambapo ulikuwa umewapata pia watu wa eneo la Kigoma. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na mkono au mguu uliolegea maisha yao yote. Sisemi ndizi ndizo zilizoleta polio. Nasema sokwe hupata maradhi yetu, mafua yetu ya kawaida yakiwemo, na njia rahisi ya kumpa ni kumfanya ale pale tunapopita, tunapokohoa na watoto wetu wanapojisaidia. Kule Bossou, nchini Guinea, ambako sokwe wameishi bega kwa bega na wanakijiji na kula mapapai yao, ugonjwa wa mfumo wa kupumua uliua watano mwaka 2003, kutoka kundi ambalo halikufika hata 20. Kundi la Cyamudongo nalo ni dogo. Mafua ya wiki moja yanaweza kulimaliza.

Halafu kuna hatari ambayo katika vikao vyetu hatupendi kuitaja kwa sababu inamwonyesha sokwe vibaya. Magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Hoima na Kagadi, misitu ya kando ya mito imekatwa na kubaki vipande. Sokwe waliobaki humo wameishi kwa kula mafenesi, maembe na mapera ya watu, na katika miaka ya karibuni wamejeruhi watoto, na wengine wamewaua. Miti ile haikupandwa kwa ajili yao. Ni miti ya nyumbani tu. Sisi tunapendekeza kuipanda kwa makusudi, ukingoni, kwenye njia ambayo watoto wa Nkungu hupita wakienda kuteka maji. Mama yangu hufukuza nyani kwa kupiga debe, na kwa nyani debe linatosha. Sokwe dume aliyekwisha jifunza kwamba ukingoni kuna matunda matamu hashtuliwi na debe.

Wanaonipinga wana hoja moja nzuri, nami sitairuka. Wanasema: mnyama aliyeshiba hatoki, na kuna miezi ambayo msitu hauna matunda ya kutosha. Ni kweli kwamba miezi hiyo ipo. Lakini mahindi yakiwa machanga, yenye maziwa, huliwa hata na mnyama aliyeshiba, kwa sababu ni matamu na hayana kazi. Kwa dakika chache anapata shibe ambayo msituni angeitafuta nusu siku. Na sokwe si mbuzi umfunge kamba kwenye kishamba chake. Mtoto wa sokwe hujifunza chakula kwa kumtazama mama yake miaka mingi. Ukimfundisha mama mmoja kwamba mahindi ni chakula, umekifundisha na kizazi, na kizazi hicho hakitatofautisha mahindi ya mradi na mahindi ya mama yangu. Mradi wenyewe utadumu miaka mitatu, kama kawaida ya miradi. Mwaka wa nne vishamba vitaota magugu, na wanafunzi wetu hawa wa karamu watashuka mlimani kutafuta walichozoeshwa.

Gharama ya ziara hizo inalipwa na nani? Serikali ina mfuko maalumu wa dhamana, ambao kwa sheria ya mwaka 2011 hulipa hasara inayoletwa na wanyama wa porini, na tangu mwaka 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa wananchi wanaopakana nazo, kutoka asilimia 5 ya awali. Hayo ni mambo mema, si nchi zote zinayo. Lakini fidia hudaiwa kwa karatasi na kwa kuthibitisha hasara, na asiyejua kuandika barua hutegemea mwenye kujua. Tena hakuna karatasi inayohesabu usiku ambao mtu amelala kwenye kibanda cha shamba, wala asubuhi ambayo mtoto amekosa darasa kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kulinda. Nimelinda mahindi, najua somo la kwanza la asubuhi linavyosikika kichwani mwa mtu ambaye hakulala.

Mtauliza basi, unataka wanyama wafe njaa? Sitaki. Nataka chakula chao kiwe ndani, nacho kiwe chao. Cyamudongo ni kipande kilichokatwa na mashamba kutoka msitu mkubwa wa Nyungwe. Hata hekta 500 haufiki, na umewekwa chini ya hifadhi hiyo hiyo ya taifa iliyoundwa mwaka 2005 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Kuzunguka Nyungwe, hasa katika miaka ya 1980, ulipandwa ukanda wa kinga wa misonobari, mikaratusi na chai. Chai siigusi: sokwe haitamani, wenyeji wanapata kibarua, na kati ya msitu na maharage hakuna ua bora kuliko chai. Lakini msonobari na mkaratusi vinampa nini mnyama? Ndege anayekula matunda anapita juu bila kutua. Hapo ndipo pa kupanda, taratibu, kila miti hiyo inapovunwa: umuvumu, umwufe, umushishi, umugote. Hii ndiyo miti ambayo sokwe, mbega na hondohondo wameijua kabla ya sisi kuja na majembe, na ambayo mbegu zake wanazipanda wenyewe kwa kinyesi chao bila kutudai posho. Chuo Kikuu cha Koblenz-Landau cha Ujerumani kimefanya kazi ya namna hii Cyamudongo, kwa miti ya asili na kilimo mseto pamoja na wenyeji. Si ndoto, basi. Ni kazi ya kuendelezwa.

Wenzangu wa Kiswahili watanivumilia kidogo hapa. Umugote kwa jina la kitaalamu ni Syzygium guineense. Ukoo wake ni ule ule wa mkarafuu wa Unguja na Pemba na wa mzambarau. Ni ule ule pia wa mtufaa wa pwani, ule wenye tunda jekundu lenye majimaji, ambalo Waswahili walilipa jina la Kiarabu la tufaha ingawa si tufaha la Ulaya hata kidogo. Kwa hiyo anayeshikilia kwamba lazima tupande mtufaa nina jibu la kumpa kutoka kamusini: tupande umugote, ni ndugu yake.

Wala si kila mahali panahitaji mche. Moto wa mwaka 1997 uliunguza sehemu kubwa ya Nyungwe, na palipoungua paliotwa na gugu aina ya kangaga lililosongamana hata miche ya miti haikupata mwanga. Imeonekana kwamba mahali pengi ukifyeka kangaga kwa miaka kadhaa, msitu hujiinua wenyewe. Kazi hiyo haipendezi kwenye picha. Ni panga, jasho na vibarua wanaohitaji kulipwa kila wiki, na mwishowe hakuna mti wa kubandikwa jina la mfadhili. Nashuku ndiyo sababu haizungumzwi sana vikaoni.

Kuhusu tufaha lenyewe, sina ugomvi nalo. Linakubali mahali penye baridi ya milima kama Kabale na Lushoto, lakini ni mti wenye madai. Kwa kuwa kwetu hakuna majira ya baridi ya kuuangusha majani, mkulima huyapukutisha kwa mkono ili uchanue. Tena hupogolewa na kupigwa dawa. Nani atakwenda kumpukutishia sokwe majani ya mtufaha kila mwaka? Kwa upande mwingine, kazi hiyo hiyo ikifanywa na mwenye ua wake, mbali na msitu, inalipa: soko la Kamembe lipo, na ng'ambo ya daraja kuna Bukavu inayonunua kila kitu.

Kwa hiyo, kilabu ikiwa bado inataka kwenda Nkungu mwezi ujao, naomba iende kwanza kwa wanaopakana na msitu, ikae nao kikao kizima bila miche mkononi, iulize ni zao gani wanaliacha kulima kwa ajili ya wanyama na ni ukingo upi unavunjwa mara nyingi. Fedha za vishamba ziwalipe akina mama wa kitalu, kwa sababu mche wa umwufe hauuzwi sokoni kama wa parachichi: mbegu lazima ziokotwe msituni kwa kibali, ziatikwe, zinyweshwe kiangazi kizima. Na kama miche ya mitufaha imekwisha nunuliwa, ipelekwe Giheke na Kamembe, kwenye nyua za watu, ikazae huko na kuuzwa.