Ushirikina Usivikwe Joho la Mila

Methali isemayo "Mwacha mila ni mtumwa" imetwishwa mzigo usio wake. Akiulizwa mtu kwa nini mtoto mchanga amekatwa kimeo kwa wembe, au kwa nini mama mjamzito amenyimwa mayai, hujibu kwa methali hiyo, naye muulizaji hunyamaza asije akaitwa kasuku wa fikra za kigeni. Ukimya huo ndio unaoulea ushirikina, na hauna udhuru kwa watumishi wa umma na walimu, ambao wamepewa dhamana ya kuwaelimisha wananchi.

Tutazame milima ya Upare. Huko Mbaga, wilayani Same, upo mwamba uitwao Malameni. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba hapo kale watoto walitolewa kafara mahali hapo ili kuondoa mikosi. Imani ya kigego nayo, yaani mtoto anayetangulia kuota meno ya juu, ilienea Upare na kwa makabila mengine mengi. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo mzima, na wengi waliuawa. Leo Malameni hupandwa na watalii. Je, Wapare wamekuwa watumwa kwa kuacha mambo hayo? La hasha! Lugha yao ingali hai, makande yangali chakula chao, na misitu yao ya mila ingali ikihifadhi chemchemi. Walichokitupa ni hofu. Utamaduni wao wamebaki nao.

Lakini mti uliokatwa shina bila kung'olewa mizizi huchipua tena. Katika vijiji vingi, vya milimani na vya tambarare, mtoto anapohara na kupata homa husemekana ameota "meno ya plastiki". Vinundu vyeupe vya ufizini, ambavyo ni chonge za utotoni zinazojiandaa kuota, huchimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Wanaotetea kitendo hicho hudai ni urithi wa mababu. Tunawauliza: babu yupi aliyeijua plastiki? Jina lenyewe linawaumbua. Imani hii ilivuma nchini katika miaka ya 1980, nayo imevaa joho la wazee ili isihojiwe.

Tusiwadharau akina bibi, kwa maana macho yao hayakuwadanganya. Mtoto wa miezi sita hivi huota meno, na ni kweli kwamba wakati huohuo huharisha mara kwa mara. Ila umri huo ndio anaoanza kutambaa, kutia kila kitu kinywani na kulishwa uji, huku kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama ikipungua. Maji na vyombo vichafu humharisha, meno husingiziwa. Akipona baada ya siku chache, kama watoto wengi waponavyo, mkataji husifiwa na kupewa kuku. Akifa kwa kupoteza damu, kwa pepopunda au kwa kukaukiwa maji mwilini, husemwa kwamba alicheleweshwa. Kwa hesabu ya namna hiyo, mkataji hawezi kushindwa kamwe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mila zinazomdhuru mtoto, na ni vyema iheshimiwe. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Sheria ya uchawi ilitungwa tangu mwaka 1928, na hofu ya uchawi ingalipo. Nguvu ya maelezo tuliiona mwaka 1973 katika kampeni ya "Mtu ni Afya", ambapo wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Hawakutukanwa wala kuchekwa. Walielezwa sababu, nao wakaikubali.

Kazi hiyo ni ya mwalimu, mganga wa zahanati na mtendaji wa kijiji. Lakini ataifanyaje mtumishi ambaye mchana anahutubia juu ya chanjo, na usiku anamwita mkata kimeo nyumbani kwake? Mwanakijiji hasomi waraka uliobandikwa ofisini; anausoma mwenendo wa mwalimu. Akimwona msomi akipita njia ya kichochoro, atasadiki kwamba elimu ni ya kupatia mshahara tu, na kwamba ukweli uko kwa mkataji.

Basi kila mwenye dhamana aanzie nyumbani kwake. Kisha aende kwenye mkutano wa kijiji, aketi na akina bibi kwa adabu, awaeleze habari za meno, maji na uji, na namna ya kumnywesha mtoto anayehara maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati. Mila njema haiogopi kuulizwa sababu. Ile inayoogopa, na kulipwa kwa damu ya watoto wachanga, haistahili kuitwa mila.