Mia nne ya mwanafunzi inalipwa na nani?

Kazi yangu siku hizi ni kushona viti vya magari, Gerezani, hapa Dar es Salaam. Daladala ikiletwa kubadilishwa viti, tunafungua bolti, tunatoa kiti kimoja kimoja nje, halafu tunafagia sakafu. Nyuma tunakuta maganda ya karanga na vizibo vya soda. Mbele, karibu na mlango, tunakuta vitu vya watoto: kipande cha penseli, rula iliyovunjika, kifungo cha shati jeupe. Mwezi uliopita nilikuta beji ya shule imekanyagwa mpaka maandishi yamefutika. Vitu vyao vinadondoka pale kwa sababu pale ndipo wanaposimama. Mtoto wa shule hakai kwenye kiti cha daladala.

Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwapanga pale. Nilikuwa konda kwa miaka sita kuanzia 2013, njia ya Tandika na Kariakoo. Leo binti yangu yuko kidato cha pili na anapanda magari mawili kwenda shule na mawili kurudi. Kwa hiyo jambo hili nimeliona kutoka pande zote mbili za mlango, na nataka kulisema kama lilivyo, kwa sababu kila yanapotokea malalamiko ya wanafunzi kuachwa vituoni, wakubwa wanatoa karipio kwa makonda, trafiki wanasimama kituoni siku mbili tatu, na wiki inayofuata watoto wamesimama palepale.

Nianze na mahesabu, maana ndani ya daladala kila kitu ni hesabu. Asubuhi tajiri anakupa gari, jioni anataka elfu sabini yake. Hiyo ndiyo tunaiita hesabu. Mafuta juu yenu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho dereva na konda wanagawana, na siku nyingine hakibaki kitu. Tajiri haulizi umebeba wanafunzi wangapi. Akikuta pungufu, kesho gari anapewa mwingine.

Nilipoanza kazi mwaka 2013, nauli ya mtu mzima kwa njia isiyozidi kilomita 10 ilikuwa imepanda kufika 400, na ya mwanafunzi ikawa 200. Wanafunzi wawili, mtu mzima mmoja. Mwaka 2022 mtu mzima akapanda kwenda 500, mwanafunzi akabaki 200. Mwishoni mwa 2023 mtu mzima akafika 600, mwanafunzi 200 ileile. Sasa konda anahitaji watoto watatu kupata nauli ya mtu mmoja. Kila wakubwa walipotangaza kwa upole kwamba nauli ya wanafunzi haitaguswa, mtoto alizidi kuwa mwepesi mkononi mwa konda. Walidhani wanamlinda, kumbe wanamsukuma nje ya mlango.

Ile tofauti ya mia nne haijafutika hewani. Kuna mtu anailipa. Serikali haiilipi, tajiri haiilipi. Inatoka mfukoni mwa dereva na konda, watu ambao wengi wao hawana hata mkataba wa kazi. Asubuhi ya saa kumi na mbili, gari likiwa linagombaniwa, ukipakia watoto kumi mahali pa watu wazima kumi, umeacha elfu nne chini. Elfu nne ni chakula cha watoto wako mwenyewe. Ndiyo maana konda anasema "wanafunzi wawili tu", na asipokuwepo askari hasemi hata hao wawili.

Siyo kwamba najitetea. Jioni moja ya mvua, Kariakoo, mwaka 2015, kulikuwa na kijana mdogo, darasa la tatu au la nne hivi, kaptura imelowa yote. Aliinua mkono na sarafu yake ya mia mbili juu ya vichwa vya watu. Niliipokea, akaweka mguu kwenye ngazi. Nyuma yake akaja mama na mwenzake, watu wa nauli kamili. Nilimrudishia yule mtoto sarafu yake kiganjani, nikamshika bega, nikamshusha. Hakulia. Alisema, "Anko, nimewahi mimi." Nikagonga bodi, gari likaondoka. Sarafu ile ilikuwa ya moto kwa kushikwa muda mrefu, na mpaka leo nikiona mia mbili mkononi mwa mtoto namkumbuka.

Sasa ni zamu ya binti yangu. Tulipata kiwanja Chamazi, tukahamia huko, lakini shule yake iko Temeke na kumhamisha haikuwezekana. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Anatoka nyumbani giza halijaondoka, mama yake anamsindikiza mpaka barabarani akiwa na tochi ya simu. Gari la kwanza mpaka Rangi Tatu, la pili mpaka Temeke. Shule inatoka saa tisa alasiri. Nyumbani anafika saa moja usiku, siku mbaya saa mbili, na hapo bado hajafungua daftari. Walimu wanalalamika kwamba anasinzia. Najua anasinzia.

Januari 2016 serikali ilianza kutoa elimu bila malipo kuanzia awali mpaka kidato cha nne, na sisi wenye kipato kidogo tulishukuru kutoka moyoni. Ada iliyofutwa kwa sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sasa piga hesabu ya nauli. Binti yangu analipa mia nne kwenda na mia nne kurudi, mia nane kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni shilingi 155,200. Mzazi amesamehewa elfu ishirini getini, lakini njiani anadaiwa zaidi ya mara saba yake. Na hapo nahesabu zile siku ambazo gari limekubali kumbeba. Mzazi asiye na mia nane asubuhi, mtoto haendi, na mahudhurio yake yanaandikwa utoro.

Wazazi wengine wameamua kulipia bodaboda kwa mwezi. Utaona pikipiki moja, watoto watatu, wa mbele amekaa juu ya tangi la mafuta ameshika vioo. Mishikaki, ndivyo watu wanavyoita, na neno lenyewe linanitia baridi. Mzazi anajua hatari ile. Amelinganisha na hatari ya mtoto kusimama kituoni saa mbili usiku, akachagua.

Kwa mabinti kuna jambo ambalo tunalinong'ona wakati linapaswa kusemwa kwa sauti. Binti amesimama kituoni saa nzima, magari manne yamemkataa, halafu anatokea mtu na gari lake au na pikipiki yake: "Panda nikupeleke." Lifti ya kwanza ni bure. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni, na ni uamuzi mwema. Basi tuangalie na pale kituoni, ambako kwa baadhi yao mambo yalianzia.

Kuna mambo madogo yanayowezekana, na mengine yameshafanyika hapahapa. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi za jiji hili likijenga njia za waenda kwa miguu, matuta na vivuko mbele ya shule, na kazi hiyo ilipata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, ikashinda miradi ya miji mingine duniani. Hiyo ni kwa wanaotembea. Wanaopanda gari bado hawajafikiriwa.

Nina pendekezo, na nimelitoa kwenye kazi yenyewe. Kuna siku gari letu lilikuwa likikodiwa: msiba, harusi, safari ya kwaya. Bei tunapatana kwa tripu, analipa aliyekodi. Siku hizo sikuwahi kumzuia mtoto mlangoni. Niliwabeba mikononi nikiwapandisha, nikawatafutia viti, dereva akaendesha taratibu. Konda ni yuleyule, gari lilelile. Kilichobadilika ni kwamba nauli haikutegemea tena nani ameingia.

Basi halmashauri zikodi daladala. Siyo kununua mabasi mapya yatakayokufa yakikosa spea. Magari yapo, makonda wapo. Kila njia yenye wanafunzi wengi, magari machache yakodiwe tripu mbili za asubuhi na mbili za jioni, yabandikwe kibao cha wanafunzi, yalipwe kwa tripu. Mtoto aendelee kutoa mia mbili yake, na kinachopungua kilipwe na umma. Nikisikia mtu anasema hela hakuna, nakumbuka Juni 2022, mafuta yalipopanda duniani, serikali hii ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei ipungue. Ilionekana ni jambo la dharura, na ilikuwa kweli. Mtoto wa kidato cha pili kuwa barabarani saa mbili usiku, siku 194 kwa mwaka, nayo ni dharura.

Kwa ndugu zangu makonda, ninyi mnanijua. Mpaka mpango huo uje, ukimwona mtoto kituoni na jua limezama, mpandishe. Hesabu ya siku moja itapatikana kesho.

Na kwa wazazi wenzangu: LATRA, mamlaka inayopanga nauli, kabla ya kupanga mpya huwa inaita wadau kutoa maoni. Wenye magari huenda na karatasi zao za gharama za matairi na mafuta. Sisi tunabaki nyumbani, halafu tunasikia bei kwenye redio. Safari ijayo tukiitwa, twende. Tubebe daftari lenye hesabu ya nauli ya mtoto kwa mwaka, tuulize mbele ya wote ile mia nne inalipwa na nani. Mimi yangu nimeshaiandika, na nitakwenda nayo.