Besi Nzito Si Sauti Nzuri

Katika maduka ya simu yaliyobanana kando ya Kenyatta Avenue jijini Nakuru, hedifoni za kufunika masikio huuzwa kwa mtindo mmoja. Mteja anataja pesa alizo nazo, mara nyingi kati ya shilingi 1,500 na 4,000. Muuzaji anashusha boksi kutoka rafu ya juu, anaunganisha hedifoni na simu yake mwenyewe, si ya mteja, kisha anacheza wimbo anaouweka maalumu kwa kazi hiyo, ngoma inayoanza kwa kishindo. Sauti iko karibu na mwisho. "Sikia hiyo besi, boss." Mteja anatikisa kichwa, anatabasamu, anatoa simu na kulipa kwa M-Pesa. Shughuli imekwisha kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Biashara hiyo inaongozwa na imani iliyoota mizizi kutoka Free Area hadi Njoro, kwamba hedifoni nzuri ni yenye besi nzito na kwamba mtu huitambua pale pale anapoivaa. Imani hiyo ni potofu. Inawagharimu watu wasio na pesa za kuchezea, inawaharibia muziki wanaoupenda, na inawasukuma kuongeza sauti hadi kiwango kinachoumiza masikio.

Kwanza, duka lenyewe ni mahali pabaya pa kuhukumu sauti. Malori ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Malaba hupita Nakuru usiku na mchana, na katikati ya mji matatu haziachi kunguruma. Ngurumo za injini ni sauti za masafa ya chini, na hizo ndizo zinazomeza besi ya hedifoni mtu anapojaribu kusikiliza mlangoni mwa duka. Hedifoni yenye besi ya kiasi inaonekana nyembamba na dhaifu. Iliyotiwa besi kupita kiasi ndiyo inayopenya zogo la nje, kwa hiyo inashinda. Usiku, mnunuzi akiwa chumbani mwake Njoro na barabara imetulia, ile ngurumo iliyokuwa ikishindana na besi haipo tena. Besi imebaki peke yake, imevimba, na sauti ya mwimbaji inasikika kwa mbali nyuma yake.

Kisha kuna sikio lenyewe. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba sauti inapokuwa ya chini, sikio la binadamu husikia besi kwa udhaifu kuliko sauti za katikati. Ukiongeza sauti, besi hupanda upesi kuliko vyote. Ndiyo maana hedifoni yoyote, hata ya ovyo, hunoga ikipigwa kwa nguvu. Watu wakilinganishiwa hedifoni mbili zinazokaribiana kwa ubora, moja ikiwa juu kidogo kwa sauti, wengi huiita hiyo bora bila kujua kilichowashawishi. Muuzaji wa Nakuru huenda hajawahi kusikia jina la Fletcher, ila anajua kidole chake kikae wapi kwenye kitufe cha sauti. Wala hana nia mbaya, kwani mteja mwenyewe ndiye aliyeomba kishindo.

Besi iliyozidi ni kama pilipili iliyomwagwa juu ya nyama choma ili mlaji asigundue kwamba nyama ililala. Sauti nzito huzifunika nyembamba, na masikio hayawezi kuepuka hilo hata yakijitahidi. Anayelipa bei yake zaidi ni msikilizaji wa muziki wa humu humu nchini. Benga, iliyozaliwa kwa wapiga gitaa wa Kiluo na baadaye ikakolea pia katika muziki wa Wakikuyu na Wakalenjin, ni muziki wa gitaa linaloruka juu huku gitaa la besi likijibizana nalo. Besi ya D. O. Misiani na kikundi chake cha Shirati haingurumi tu, bali inatembea, inapanda na kushuka, inasukuma wachezaji mbele. Ukiipitisha kwenye hedifoni iliyovimbishwa, noti zake zinayeyuka na kuwa mvumo mmoja usioisha. Aliyelipia besi anajikuta haisikii tena besi ya muziki wake.

Kuna rekodi inayofaa kwa jaribio kali zaidi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika eneo la Kericho, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uliokuja kujulikana duniani kama "Chemirocha", jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Hakuna gitaa la besi humo. Kuna sauti za wasichana, kinubi, na pumzi kati ya mstari na mstari. Hedifoni ya bei nafuu inayotoa sauti hizo zikiwa wazi, karibu, na bila ukali wa kukera, hiyo ina kitu. Ile inayozigeuza kuwa watu wanaoimba ndani ya pipa haifai, hata kama iliangusha duka zima kwa kishindo.

Wapo watakaojibu kwamba hayo ni mambo ya wazee, kwamba vijana wa Nakuru wanasikiliza gengetone, arbantone na drill, na muziki huo ni besi. Hoja hiyo inastahili jibu. Tangu kundi la Ethic lilipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018, gengetone imesimama kwa miguu miwili, mdundo na maneno. Sheng ikizama, nusu ya wimbo imezama nayo. Halafu raha wanayoikumbuka vijana hao ni ya matatu, ambako spika kubwa chini ya viti hutikisa kifua na mbavu. Kiwambo cha milimita 40 kilichokaa kando ya sikio hakiwezi kutikisa kifua cha mtu. Kinachoweza kufanya ni kuongeza uzito bandia sikioni, na uzito huo huchosha haraka.

Kampuni zinajua udhaifu huo wa wanunuzi. Boksi za JBL zimeandikwa Pure Bass, Sony walikuwa na Extra Bass, Oraimo wana HavyBass, Soundcore wana BassUp. Beats, iliyoanza kuuza hedifoni mwaka 2008 kwa sauti nzito na jina la Dr. Dre, ilinunuliwa na Apple mwaka 2014 kwa dola bilioni 3, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba besi inauza. Ajabu ni kwamba utafiti wa Harman, kampuni mama ya JBL, ulioongozwa na Sean Olive, ulipata picha tofauti. Wasikilizaji walipolinganishiwa sauti mbalimbali bila kujua ni hedifoni gani, karibu theluthi mbili walichagua besi iliyoinuliwa kwa kiasi tu. Waliotaka zaidi ya hapo walikuwa kundi dogo, dogo hata kuliko waliotaka ipunguzwe.

Mwenye shilingi 3,000 ana sababu ya kufurahi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei za kila aina, na hakupata uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa sauti za chini, za katikati na za juu. Pesa nyingi hununua fremu imara, betri, maikrofoni bora na uwezo wa kuzima kelele. Hazinunui usawa wa sauti. Hedifoni nzuri ya bei nafuu inaweza kuwa hapo hapo rafuni, imepitwa kwa sababu haikupiga kelele dakika ya kwanza.

Muziki pia si kazi pekee ya hedifoni. Mwanafunzi wa Egerton au Kabarak hurudia mihadhara iliyorekodiwa, mlinzi wa usiku Section 58 husikiliza redio, wengine mahubiri. Sehemu kubwa ya konsonanti zinazotenganisha neno na neno, kama s, f na t, iko juu ya hezi 2,000, mbali kabisa na besi. Maneno yakifunikwa, mkono unakwenda kwenye kitufe cha sauti, na hapo ndipo hasara inapokuwa ya mwili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu, hivyo kwa desibeli 90 zinabaki kama saa 4 tu kwa wiki nzima. Mwaka 2015 shirika hilo lilikadiria kwamba vijana bilioni 1.1 duniani wamo hatarini kwa mtindo wao wa kusikiliza. Chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Anayekwenda kununua aende na simu yake na wimbo anaoujua neno kwa neno. Ashushe sauti kwanza. Aanze na mtu anayezungumza, taarifa ya habari au mahubiri, ndipo aje kwenye muziki. Aibonyeze mito kwa vidole, maana sponji nyembamba hufika kwenye plastiki upesi, na ngozi bandia ya bei ya chini hubambuka vipande vyeusi vinavyonata shingoni. Mwenye miwani au aliyesuka asogeze kikombe mpaka kizibe vizuri, kwa sababu upenyo mdogo hutosha kumwaga besi yote nje, na hedifoni ikahukumiwa kwa kosa la msuko. Aivae dakika kumi, muuzaji akinuna anune.

Wenye maduka nao wanaweza kutenga kiti kimoja nyuma, mbali na barabara, na kuachana na ule wimbo wa kishindo. Na kwa aliyekwisha kununua, simu nyingi za Android zina ikwalaiza ndani ya mipangilio ya sauti. Ashushe vitelezi viwili vya kushoto kidogo, aache vya katikati vilivyo, kisha asikilize hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kuamua, maana sikio lililozoea besi nzito huhitaji muda kuizoea sauti iliyopunguzwa.