Ubao mmoja kati ya mitano huliwa na msumeno

Mti laini kama msonobari ukipasuliwa kwa msumeno uliotengenezwa kwa ajili ya mninga, mwenye mti hupata hasara ambayo haionekani kwenye daftari lolote. Inabaki chini ya mashine ikiwa unga. Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, jambo hili linazidi kuwa la kibiashara, kwani mbao ngumu za asili zimeadimika na misonobari ndiyo inayochukua nafasi yake.

Sababu za kuadimika huko zinafahamika. Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, na walio wengi walikaa hadi Desemba 1996. Warundi waliendelea kuishi katika kambi ya Lukole mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Watu wote hao walipikia kuni na kujengea miti iliyokuwa karibu. Wenyeji nao walikuwa wakikata, na biashara ya mkaa haikuondoka na wakimbizi. Msitu wa miombo uliochukua miongo mingi kukua hauwezi kurudi kwa miaka 15 au 20.

Upande wa pili, miti ya kupandwa inaongezeka. Mkoa wa Kagera una shamba la serikali la Rubare, na huko Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo na tangu mwaka 2012 iko mkoa wa Geita, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) unaendesha shamba lililopewa jina la Silayo mwaka 2021. Misonobari ya mbao hupunguzwa mara ya kwanza ikiwa na umri wa miaka kumi hivi. Kwa hiyo magogo ya kwanza kufika sokoni kutoka mashamba machanga ni membamba, na kwenye gogo jembamba kila milimita ina bei.

Tuchukue gogo ambalo, baada ya kuondolewa mabanzi pande zote nne, limebaki mraba wa sentimita 15. Linapasuliwa mbao za milimita 25. Msumeno wa duara wa bledi nene, wenye njia ya milimita 7, unatoa mbao nne, maana ya tano haienei. Msumeno wa mkanda wenye njia ya milimita 2 unatoa tano na nafasi inabaki. Magogo 100 kama hayo ni mbao 400 kwa mmoja na 500 kwa mwingine. Miti ni ile ile, na wabebaji wamelipwa ile ile.

Hata hivyo, si kila fundi anaweza kununua mashine ya mkanda, na mkanda wenyewe una masharti yake. Unataka kunolewa mara kwa mara na mtu anayejua, na ukikutana na msumari au kokoto iliyonasa kwenye ganda unaharibika. Anayebaki na msumeno wa duara bado ana nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo wengi hukosea. Dhana iliyoenea ni kwamba meno mengi ndiyo bledi nzuri. Kwa kupasua mti laini kufuata urefu wake, ni kinyume. Nyuzi za msonobari hutoa unga mwingi na mrefu, hivyo bledi inahitaji meno machache, makubwa, yaliyoinama mbele, yenye mashimo mapana ya kubebea unga huo. Kwa bledi ndogo ya karakana, meno 24 yanatosha kupasulia. Ya meno 60 iachwe kwa kukata kukingama, ambako usafi wa ncha za ubao unahitajika.

Mti mbichi unataka meno yaliyopindwa kulia na kushoto zaidi kidogo kuliko mti mkavu, kwa sababu nyuzi hurudi na kubana chuma. Utomvu nao huganda kwenye meno, bledi inapata moto, fundi anasema imekwisha makali na kuipiga tupa bure. Mara nyingi ilihitaji kufutwa kwa mafuta ya taa tu.

Kuhusu bledi zenye ncha za kabaidi, zinakaa na makali muda mrefu, lakini tupa ya kawaida haizinoi. Kama hakuna wa kuzinoa karibu na Ngara mjini au Biharamulo, bei yake iangaliwe mara mbili.

Maseremala wa vitanda wanaokata nakshi kwa msumeno mwembamba wa mashine wanakutana na kanuni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Kwa ubao wa msonobari wa milimita 20, bledi namba 5 au 7 yenye meno yaliyoachana hutoa unga vizuri. Ile nyembamba ya meno yaliyosongamana huunguza mti na kupotoka kwenye kona. Bledi yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuelekea juu huzuia ubao kuchanika upande wa chini, na hivyo kupunguza kazi ya msasa.

Anayelipa gharama ya bledi mbaya si fundi peke yake. Wakulima wengi huuza miti ikiwa imesimama shambani, na mnunuzi hukisia bei kwa idadi ya mbao anazotarajia kupata kwa mashine yake. Anayepata nne atalipa kwa hesabu ya nne. Mkulima anayetaka bei ya tano hana budi kuuliza, kabla ya kupokea fedha, miti yake itapasuliwa kwa msumeno gani, au aungane na majirani zake wakodi mashine ya mkanda kwa siku chache na kuuza mbao badala ya miti. Mbao za Sao Hill, wilayani Mufindi, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kabla ya kufika Rusumo. Mbao ya hapa hapa ina nafasi kubwa ya kushindana nazo, mradi isiwe imepasuliwa ovyo ikapoteza milimita nyingine tatu kwenye randa.